Kiti cha Kushoto

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo Tata amemwita mtu mwingine "mwana wange", mwanangu.

Nimeanza na sentensi hiyo kwa sababu nisipoanza nayo sitaiandika kabisa. Mtu mwenyewe ni Jesca Mhoja, fundi wa magari, ana miaka ishirini na mitatu, miwili pungufu ya yangu. Kwao ni visiwani. Baba yake huvua dagaa, na yeye alizijua injini za maboti kabla hajaenda kusomea ufundi Mwanza. Siku hizi ana karakana Muleba mjini. Tata, baba yangu, alisikia habari zake kwa watu, akampigia simu, naye asubuhi hii akaja hapa kwetu Kagoma kwa pikipiki, kisanduku cha spana kimefungwa mgongoni kama mtoto. Alisalimia, akaizunguka Datsun mara tatu bila kusema neno. Mara ya nne akacheka.

"Mzee, hili gari ulilificha wapi miaka yote hii?"

"Migombani," Tata akasema. "Lilikuwa migombani, mwana wange."

Na ni kweli. Mwenye gari alikuwa daktari aliyeondoka wakati wa vita, mwaka sabini na nane. Tata, wakati huo kijana aliyemwoshea gari lake, aliachiwa ufunguo na neno moja: "Litunze." Alilisukuma ndani ya kibanja chetu cha migomba akalifunika kwa majani makavu. Miaka mingi baadaye ikaja barua kwamba daktari harudi, gari ni la Karugendo, yaani Tata. Ni la milango miwili, jekundu lililofifia likawa rangi ya pera lililokatwa, injini ya silinda sita, boneti ndefu kama ulimi. Viti ni viwili tu, cha dereva na cha kushoto.

Kabureta zake mbili za mwanzo zilipotea miaka ya shida, na Tata hasemi zilipoteaje. Jesca ameleta moja ya pikapu. Zile za zamani zililala ubavuni mwa injini; hii inasimama wima kama mlingoti. Waliifunga, wakaweka chujio la hewa juu yake, wakashusha boneti. Haikufunga. Ilibaki wazi, mkono wangu ukapita.

"Tukate tundu hapa juu," Jesca akasema, "kabureta ichungulie nje."

"Boneti hii haikatwi," Tata akasema. "Nilipewa haina tundu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli.

Jumanne, 8 Oktoba

Ofisini. Faili moja la viwanja halikuonekana. Nililitafuta hadi saa nane. Kumbe Mzee Lwakatare, mkuu wetu wa masijala, alikuwa amelikalia. Hakuomba radhi. Niliomba mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Jesca amekuja hata hivyo, amelowa mpaka kwenye kope.

Alitaka kujua kwa hakika upungufu ni kiasi gani. Akasema mafundi huweka bonge la udongo laini juu ya kabureta, hufunga boneti, hufungua, kisha hupima unene uliobaki. Lakini udongo wote wa leo ni uji. Akaingia jikoni kwa Mama kama kwao.

"Mama, una kitu chochote cha kupondeka?"

"Nina ebitoke za jana."

"Hizo hizo!"

"Waitu! Ndizi zangu zinapimia gari?" Mama akasema, lakini alikwisha kumpa sufuria.

Waliondoa chujio, wakaweka bonge la ndizi mdomoni mwa kabureta, wakashusha boneti taratibu, wakaifungua. Jesca akageuka kwangu: "Dada karani, wewe una macho ya rula. Soma." Nikasoma. Milimita ishirini na mbili. Chujio linahitaji sitini na tatu. Upungufu ni arobaini na moja, nikaandika kwenye daftari hili hili.

Tata akasema, "Arobaini na moja. Tutazila moja moja." Alimwambia Jesca. Halafu akafungua kile kikapu chake kidogo cha kahawa za kutafuna, ambacho mimi huwa sipewi mpaka mgeni wa heshima aondoke, akampa tatu mkononi.

Na lazima niandike habari ya kiti.

Nilipokuwa na miaka saba Tata alikuwa akiniketisha kiti cha kushoto, gari likiwa limelala majanini bila matairi. Yeye akikaa kwenye usukani tulikwenda Bukoba, tulikwenda Mwanza, siku moja tulifika Nairobi. Akaniambia: "Vesti, siku litakapotembea, hapo ni pako." Sijamkumbusha. Mtu wa miaka ishirini na mitano anaanzaje kukumbusha jambo kama hilo?

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Tata ametangaza mezani. Dada yake, Sista Immakulata, anatimiza miaka hamsini ya utawa Jumamosi ya tarehe 7 Desemba, Bukoba. Mwaka sabini na nne alipelekwa utawani na gari hili, daktari akiendesha. Tata anataka lile lile lililompeleka limtoe konventi mpaka kanisani siku ya jubilei.

"Utakwenda na nani, Karugendo?" Mama akauliza.

"Tuone kwanza kama boneti itafunga."

Alipojibu alikuwa anatazama njia ya kwenda Muleba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jesca amekata kitako cha kabureta, kile kipande cha chuma kinachoiunganisha na injini. Amekitengeneza mwenyewe, amekipunguza kwa msumeno na tupa kutwa nzima. Tata alimshikia. Vichwa vyao vilikuwa vimegusana chini ya boneti, vinazungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaosali. Nilipopeleka chai walinyamaza. Sidhani walikuwa wananisema. Nimeandika "sidhani".

Upungufu sasa ni ishirini na sita.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Hakuja. Tata amesimama barabarani mara nne.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeshughulikia karatasi za gari: usajili, bima, ombi la ukaguzi. Siku tatu za likizo yangu, foleni mbili, mtu mmoja alinifokea na nusura nilie mbele za watu. Nilipomkabidhi Tata bahasha alisema "Haya," akaiweka juu ya kabati. Kisha akaniuliza kama Jesca amepiga simu.

Jumamosi, 2 Novemba

Jesca kaleta chujio jembamba, bapa kama sahani. Tisa.

"Tisa tu, mzee! Hata kidole hakitoshi."

"Kidole chako au changu?"

"Cha dada karani. Vidole vyake ni vya kalamu."

Nilicheka pamoja nao ili nisionekane. Ana mikono mizuri, nilikuwa sijaitazama. Kovu refu gumbani, grisi kwenye kila mstari. Nikaenda kunawa yangu, ambayo haikuwa na kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Boneti imefunga.

Jesca ameondoa raba za kukalia injini, akaweka nyingine fupi, injini yote ikashuka. Tukaweka bonge la ndizi juu ya chujio. Boneti ikashuka, ikasema "ka". Tulipofungua, bonge lilikuwa limebaki bapa lakini halikupasuka. Nikasoma: nne. Milimita nne za hewa kati ya chujio na bati. Tata aliinua mikono juu. Mama akapiga vigelegele kutoka jikoni bila kujua ni vya nini.

Halafu Tata akalisema. Alisimama na mkono juu ya boneti kama juu ya kichwa cha mtoto wa kipaimara.

"Tarehe saba tunakwenda Bukoba. Fundi atakaa kando yangu. Gari la umri huu haliendi bila fundi."

Jesca akaruka. Ni kweli, aliruka, miguu yote miwili.

Mimi nilisema, "Ni sawa kabisa, Tata." Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Jumapili, 10 Novemba

Sikupokea komunyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Senene wameanza. Usiku walianguka kwenye taa ya jirani, asubuhi watoto wote barabarani wana ndoo. Mama amekaa uani anachambua, mabawa na miguu yanaruka. Anasema zamani wao wanawake waliwachuma tu, wakawakausha, wakawafungia waume zao, kula hawakuruhusiwa. "Sasa tunakula wote," akasema, akatupa mmoja kinywani, "na dunia haijaanguka."

Jumamosi, 16 Novemba

Injini imewaka. Sauti yake siwezi kuieleza. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Miaka kumi na minane nimelisubiri gari hili, na lilipowaka aliyekaa kushoto ni Jesca. Wakaenda mpaka shuleni na kurudi. Nilifunga geti.

Jumamosi, 23 Novemba

Kuna mgongano. Gari likiwa limesimama, nafasi ni milimita nne. Tata akikanyaga mafuta, injini inajiinua ubavu mmoja kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na chujio linapiga boneti kutoka ndani: ta, ta, ta. Rangi imeanza kuchunika.

Jesca alikaa chini kwenye nyasi.

"Kosa langu. Tulilipima gari likiwa limelala. Hatukulipima likiwa na hasira."

"Boneti haikatwi," Tata akasema.

"Sikati, baba."

Sasa ni baba. Nimehesabu, imekuwa mara mbili leo.

Aliposhindwa nilifurahi. Sitaki daftari hili liwe na uongo, kwa hiyo naandika: nilikwenda chumbani nikafurahi, na furaha hiyo ilikuwa na ladha kama ya shaba ulimini.

Jumamosi, 30 Novemba

Nitaandika kila neno jinsi lilivyosemwa.

Jesca alikuwa ameagiza kitu kutoka Mwanza, hakikufika. Siku zimebaki saba. Akaamua kuondoa chujio kabisa kwa safari hii moja. Kabureta itakwenda mdomo wazi, na nafasi itakuwa tele, injini ijiinue itakavyo. Barabara ni lami, mvua imelaza vumbi. Alijaribu kufunga kipande cha wavu wa chuma, lakini ulikuwa mzito, injini ikakosa pumzi. Akauondoa. Kisha akaja kwangu nikiwa naanua nguo, Tata yuko ndani.

"Dada karani, wewe ndiye mwenyeji. Hawa senene. Kwetu ziwani tuna wadudu wanaopanda kama moshi, wakiingia kwenye injini ya boti umekwisha. Hawa wenu nimewaona usiku kwenye taa. Tukiondoka saa kumi na moja alfajiri, wanakuwa wamelala, si ndiyo?"

Kila mtoto wa Kagoma anajua. Saa hiyo hiyo ndiyo yao. Ndiyo maana Mama alituamsha gizani na ndoo tangu nikiwa siwezi kuibeba. Wakiona taa za gari wanalijia kama mvua.

Nilikuwa na shati la Tata mkononi. Niliona kiti cha kushoto, yeye amekaa, gari linakohoa, linazima, Tata anamgeukia na uso ule.

Nikasema, "Asubuhi wamelala."

"Afadhali," akasema. "Ahsante, dada."

Jumapili, 1 Desemba

Nimeamka mara tano. Nitamwambia kesho kwa simu.

Jumatatu, 2 Desemba

Sikumwambia. Ofisini Mzee Lwakatare aliuliza kwa nini nimegonga muhuri tarehe ya jana kwenye barua sita.

Jumanne, 3 Desemba

Sikumwambia.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepiga. Akapokea, nyuma kelele za nyundo. "Dada karani! Kwema?" Nikasema kwema, nilitaka kujua atavaa nini siku ya jubilei. Tukazungumza habari za vitenge, na za soksi zangu mpya, dakika nne.

Ijumaa, 6 Desemba

Jesca alipitia hapa saa sita kumchukua Mama. Wao wanatangulia Bukoba na basi, na mikungu na ndoo za maharage, wakasaidie kupika. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Unatangulia? Si unakwenda na gari?"

Akafungua mfuko wa ovaroli akatoa karatasi, kipande cha daftari la shule kilicholiwa na mende pembeni. Alikikuta chini ya kiti cha kushoto alipokuwa anakaza reli yake. Mwandiko wa penseli, herufi kubwa zilizolala:

TIKETI. KAGOMA – BUKOBA. ABIRIA: VESTI. DEREVA: TATA. USIPOTEZE.

"Nilimuuliza baba ni nini," Jesca akasema. "Akaigeuza karatasi mara mbili. Kisha akanieleza. Nikamwambia, mzee, mimi siwezi kukalia tiketi ya mtu." Akacheka. "Kumbe ulianza ukarani na miaka saba! Kama kuna shida nipigie, kisanduku kidogo cha spana nimekiacha nyuma ya kiti. Lakini haitakuwapo. Nimelisikiliza jana, linaimba."

Alipanda basi na mkungu begani.

Nilipaswa kulia kwa furaha. Nimekaa kitandani na tiketi yangu. Tata amebisha mlango, hakuingia, akasema kupitia ubao: "Vesti. Saa kumi na moja. Uvae vizuri." Nilimjibu ndiyo. Ningeweza kuongeza sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikiisema, Tata atajua nilichokifanya, na kiti kitaondoka. Nisipoisema, huenda kesho wasiruke. Kuna alfajiri ambazo hawaruki.

Nimeomba Mungu asituletee senene. Sidhani kama kuna mtu mwingine Muleba nzima anayeomba hivyo.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika Bukoba, kwenye chumba cha wageni cha masista. Miguu inauma.

Tuliondoka gizani. Tata alivaa suti yake ya kijivu na kofia. Mimi nilivaa kitenge kipya na kilemba chake, na soksi ndefu nyembamba za kike, za kwanza kununua maishani mwangu. Kiti kilininyanyua magoti, maana gari liko chini. Barabara inapita karibu na mwili. Tata alibadilisha gia kama mtu anayekunja shuka. Hakusema kitu mpaka tulipofika lami.

"Nilichelewa," akasema. "Miaka kumi na minane."

Nikavuta kitenge kufunika magoti.

Tulipita Muhutwe. Nikaanza kuamini. Halafu kwenye taa niliona mmoja, wa kijani, akapita kama cheche. Kisha watatu. Kisha hapakuwa na barabara, palikuwa na senene tu, wanapiga kioo, wanapiga boneti, ta ta ta ta, na mbele watu walikuwa wametapakaa kandokando na ndoo na mashuka wakipiga kelele za furaha. Injini ikakohoa. Ikavuta pumzi, ikakohoa tena, ikatetemeka yote, ikazima. Tukasogea kimya mpaka pembeni.

Tata alijaribu mara tatu kuwasha. Akashuka, akafungua boneti, akamulika kwa simu. Mdomo wa kabureta ulikuwa umejaa. Mabawa, miguu, vichwa, wengine bado wanatikisika. Watu wakaanza kusogea.

"Jamani, hili gari linakula senene!"

"Ni la Kihaya hilo, lingekula nini?"

"Mzee, hata kuwakaanga hukuwakaanga?"

Kicheko kikapita barabara nzima. Tata alisimama na suti yake, kofia mkononi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Sista alitarajiwa kutolewa konventi saa tatu.

"Yule msichana," akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwamini. Ameacha mdomo wazi, msimu wa senene. Ameniaibisha."

Hilo ndilo nililolitaka. Uso ule, maneno yale, kama nilivyoyaona nikiwa na shati mkononi. Nililipata lote, na hakukuwa na mtu wa kulichukua ila mimi niliyekaa kushoto.

"Tata. Jesca aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Kama alfajiri wanaruka. Nikamwambia wamelala."

Akanigeuzia mwanga wa simu usoni, nadhani bila kukusudia.

"Wewe? Mtoto wa Kagoma hujui saa ya senene?"

"Najua, Tata. Nilijua."

Alizima mwanga. Watu walikuwa bado wanacheka nyuma yetu, na senene walikuwa wanatua kwenye kofia yake, kwenye mabega. Nilifikiri atanipiga, na hajawahi kunipiga. Kisha akazunguka gari, akatoa kile kisanduku nyuma ya kiti, akaniwekea bisibisi mkononi.

"Basi fungua wewe."

"Sijui, Tata."

"Utaulizia. Na wewe utajibiwa ukweli."

Nikampigia Jesca. Nilimweleza yote kwa sentensi moja bila koma. Nyuma yake sufuria zinagongana.

"Umeshika bisibisi?" akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nitakutukana jioni. Sasa hivi kuna skrubu juu ya kabureta. Ziko ngapi?"

"Sita."

"Usipoteze hata moja. Vua kilemba utandike chini, uziweke hapo."

Tata alimulika. Nilifungua skrubu sita. Niliinua kifuniko jinsi alivyoniambia, taratibu, gasketi, ile karatasi ya katikati, isichanike. Nilichomoa senene kwa vidole, mmoja mmoja, kisha miguu yao kwa pini ya nywele. Akaniambia nitafute tundu dogo la shaba linaloitwa jeti, lenye upana wa sindano. Lilikuwa limezibwa na bawa. Akasema nilichomoe, nilipulize kwa mdomo. Petroli ikaniunguza midomo. Nikalinyanyua kwenye mwanga, nikaona nukta nyeupe upande wa pili.

"Naona mwanga," nikasema.

"Hilo ndilo. Rudisha, kisha kifuniko na skrubu zote sita. Sasa mdomo wa kabureta lazima ufunikwe kwa kitu kinachopitisha hewa. Kilemba kizito. Umevaa nini miguuni?"

Nikatazama miguu yangu.

"Zile soksi ulizonisimulia dakika nne nzima," Jesca akasema. "Vua moja."

Nilivua soksi barabarani, mbele ya watu wa Muhutwe na ndoo zao. Mama mmoja akasema, "Eeh, sasa wanalivalisha!" Nikaivuta juu ya mdomo wa kabureta, nikaikaza kwa raba ya pesa, kisha kwa waya. Tata akashusha boneti. Ikasema "ka". Akaingia, akawasha. Ilikohoa mara mbili, ikaimba.

Niliingia, tukaondoka. Kulikuwa kunapambazuka, ziwa limeanza kuonekana chini kule kama bati. Mikono yangu ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kiwiko, na nilikaa nimeiinua nisichafue kiti. Karibu na Kemondo Tata akasema, bila kugeuka:

"Ulimwonea wivu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Ndiyo, Tata."

Akaendesha. Baadaye sana akasema, "Zile karatasi za bima. Sikukushukuru." Halafu akakanyaga mafuta mpaka konventi.

Sista Immakulata alikuwa mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, shada la maua kichwani. Aliligusa gari kwa kiganja. "Siku ile nililia kutoka Kagoma mpaka hapa," akasema. "Daktari alinipa leso yake. Karugendo, una leso?" Kisha akatazama miguu yangu, mmoja una soksi, mmoja hauna. "Na huyu ametoka wapi?"

"Ndiye fundi wa leo," Tata akasema. Hakutabasamu alipokuwa anasema.

Nilimfungulia mlango wa kushoto. Nikaenda kanisani kwa miguu.

Jumapili, 8 Desemba

Jesca alitimiza ahadi. Alinikuta jana jioni nyuma ya jiko la masista, akaniambia maneno manne ya kwao ambayo sikuyaelewa, kisha moja la Kiswahili nililolielewa vizuri. Nilisema nisamehe. Akafuta mikono kwenye kanga muda mrefu.

"Si senene," akasema. "Gari ningelitengeneza. Ni kwamba nilikuuliza wewe kwa sababu kati ya watu wote wa kwenu wewe ndiye usiyeandika kitu mpaka ukipime mara mbili."

Asubuhi nimechana ukurasa wa daftari hili. Nimeandika kwa herufi kubwa: TIKETI. BUKOBA – KAGOMA. ABIRIA: JESCA MHOJA. KITI CHA KUSHOTO. Nikaubandika kwenye kioo. Tata aliusoma, akausogeza kidogo ili aone barabara, akawasha gari.

Mimi na Mama tumerudi na basi, ndoo ya senene katikati ya magoti yetu. Baada ya Kemondo walitupita. Mkono wa Jesca ulikuwa nje ya dirisha, unacheza na upepo. Wivu ulinichoma vile vile, mahali pale pale. Nilidhani ungekuwa umeondoka. Mama alinipa konzi ya senene, akasema chambua, usikae bure.

Jumamosi, 14 Desemba

Kitu cha Mwanza kimefika. Ni chujio bapa zaidi, na kamba ya chuma ya kuizuia injini isijiinue. Jesca alikuja kuvifunga. Amenisalimia vizuri. Hajaniita dada karani.

Tuliweka bonge la ndizi juu ya chujio, tukafunga boneti, Tata akakanyaga mafuta mpaka kuku wakakimbia. Safari hii tulilipima likiwa na hasira. Tukafungua. Jesca akaniashiria kwa kidevu. Niliinama na rula, nikasoma, nikasoma tena.

"Kumi na sita," nikasema.

Akachukua rula mkononi mwangu, akainama, akapima mwenyewe.

Ilikuwa kumi na sita.